Bodi, plasta au rangi: kinga ipi ya moto kwa jengo la aina gani?

Bodi ya jipsamu iliyoandikwa dakika 60 haikuipata namba hiyo ikiwa peke yake. Iliipata ikiwa imefungwa kwenye fremu ya kipimo fulani, pande zote mbili, kwa skrubu za urefu fulani na nafasi fulani, maungio yamezibwa, kisha ukuta mzima ukasogezwa kwenye mdomo wa tanuru. Badilisha kimoja kati ya hivyo na namba inabaki kwenye karatasi ya bodi tu. Kwa jicho hilo ndipo tunazipima hapa kinga zinazouzwa kwa wajenzi: bodi, plasta ya kunyunyizia, rangi inayovimba, vifaa vya kuziba matundu, na milango. Zege na mbao nene tunaziweka humo humo, kwa sababu nazo ni kinga, ila huja zikiwa sehemu ya jengo lenyewe.

Tanuru halina huruma. Kwa mkondo wa joto wa kiwango cha kimataifa cha ISO 834, joto hufika nyuzi 842 za Selsiasi katika dakika ya 30, 945 katika dakika ya 60, na 1,049 katika dakika ya 120. Kipimo cha Marekani, ASTM E119, hakipishani nao sana. Vyeti vya Ulaya huandika matokeo kwa herufi tatu. R ni kubeba mzigo bila kuanguka. E ni kutopitisha ndimi za moto wala gesi za moto. I ni kuzuia joto: upande wa pili wa ukuta usipande kwa wastani wa zaidi ya nyuzi 140, wala sehemu yoyote moja isipande zaidi ya 180. Hivyo cheti cha nguzo husomeka R 60, na cha ukuta usiobeba mzigo EI 60. Muuzaji akikuonyesha cheti cha EI kwa ajili ya boriti, amekuletea cheti cha kitu kingine.

Kuna mkanganyiko mmoja unaowagharimu wengi, nao ni kudhani kwamba kisichowaka ndicho kinachohimili moto. Chuma hakiwaki, lakini kikifika nyuzi 600 kimebakiwa na chini ya nusu ya nguvu yake, na kwenye nyuzi 700 kimebakiwa na chini ya robo. Boriti nene ya mbao inawaka, tena inaonekana ikiwaka, na bado inaweza kubeba paa kwa saa nzima.

Kanuni za ujenzi za Marekani, IBC, zimejengwa juu ya tofauti hiyo. Majengo yamegawanywa katika aina tano. Aina ya I na ya II zote ni za vifaa visivyowaka. Kinachozitenganisha ni saa. Fremu ya I-A inatakiwa kuhimili saa 3, I-B saa 2, II-A saa 1, na II-B haitakiwi kuhimili hata dakika moja. Ghala la vyuma vitupu na mabati ni II-B: haliwaki, na kinga yake ni sifuri. Aina ya III ina kuta za nje zisizowaka zenye saa 2, huku ndani mbao zikiruhusiwa. Aina ya IV ni ya mbao nene, na ya V ni ya vifaa vyovyote, ambapo V-A ina saa 1 na V-B haina kitu. Mfumo wa NFPA 220, wa chama cha kinga ya moto cha Marekani, unasema mambo yaleyale kwa tarakimu tatu, kuta za nje zinazobeba, kisha nguzo na boriti, kisha sakafu; kwa hiyo II (000) ukiiona kwenye mchoro, ujue ni lile ghala.

Bodi ya jipsamu

Hii ndiyo kinga yenye manufaa mengi kuliko zote hapa, na ndiyo inayoharibiwa kirahisi kuliko zote. Siri yake ni maji. Jipsamu safi ina maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake, kiasi cha asilimia 21 ya uzito. Bodi ya milimita 15.9 ya aina inayoitwa X ina uzito wa takriban kilo 10.7 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kila mita ya mraba imebeba karibu lita 2 za maji usiyoyaona. Moto ukiipiga, maji hayo hutoka taratibu kama mvuke na kula joto, na mgongo wa bodi hukaa kwenye jirani ya nyuzi 100 kwa muda mrefu. Yakiisha, kinachobaki ni unga unaosinyaa na kupasuka. Hapo ndipo bodi ya kawaida inapoanguka vipande vipande, ilhali ile ya X ina nyuzi za kioo zinazoushika unga huo pamoja kwa dakika nyingine nyingi. Aina ya C huongezewa vamikulaiti, ambayo hutanuka kwa joto na kufidia kusinyaa.

Mchanganuo (yaani maelezo ya ukuta kama ulivyopimwa) unaojulikana sana wa maabara ya UL ya Marekani, namba U305, ni ukuta wa nguzo za mbao za inchi 2×4 kila milimita 406, na bodi moja ya X ya milimita 15.9 kila upande: saa 1. U301 ni tabaka mbili kila upande: saa 2. Sasa tazama kinachotokea kwenye eneo la ujenzi. Fundi anakosa milimita 15.9, anaweka 12.7 ya kawaida na kusema tofauti ni ndogo. Tofauti ya unene ni ndogo kweli. Tofauti ya nyuzi za kioo ndiyo kubwa. Au anachukua bodi ya kijani, ambayo ni ya kuzuia unyevu wa bafuni, akidhani kila bodi yenye rangi ni ya moto. Usiende kwa rangi ya karatasi hata kidogo, kwa kuwa viwanda havifuati rangi moja. Geuza bodi, soma maandishi ya mgongoni au ya ukingoni, na uyalinganishe na cheti.

Skrubu nazo zina lugha yake. Ikizama mpaka ikachana karatasi, haishiki tena kitu. Inayofaa huacha kibonyeo kidogo huku karatasi ikiwa nzima. Kwenye tabaka mbili, maungio ya tabaka la juu yasikae juu ya maungio ya tabaka la chini, na skrubu za tabaka la juu ziwe ndefu kiasi cha kupita bodi zote mbili na bado kuuma fremu. Tabaka la ndani ambalo halitaonekana nalo lifungwe kwa idadi ya skrubu iliyoandikwa, maana ndilo litakalobaki peke yake likipambana na moto baada ya la nje kudondoka. Kwenye dari mambo ni magumu zaidi kuliko ukutani, kwani uzito wote unaning'inia kwenye vichwa vya skrubu.

Kosa kubwa kupita yote liko juu ya macho ya watu: ukuta wa saa 1 unaoishia kwenye dari ya mapambo badala ya kupanda hadi chini ya slabu. Moshi na moto hupanda, hupita juu ya ukuta, na hushukia chumba cha pili. Ukaguzi wa ukuta wowote wa kinga uanze kwa kuinua kipande cha dari na kumulika tochi. Kosa la pili ni soketi mbili kutazamana mgongo kwa mgongo. IBC inaruhusu visanduku vya chuma visivyozidi milimita za mraba 10,300 kila kimoja, lakini vilivyo pande tofauti za ukuta viachane angalau milimita 610 kwa mlalo, au viwekewe kinga ya ziada.

Kwa majengo ya V-A na III-A (ile ya aina ya III ambayo fremu yake ina saa 1), bodi haina mpinzani. Kwa nguzo za chuma ndani ya ofisi pia ni nzuri, mradi ufunge pande zote nne bila kuacha upande ule ulioegemea ukuta "kwa sababu hauonekani".

Chuma: plasta ya kunyunyizia au rangi inayovimba?

Kabla ya kuchagua, pata namba moja: mzingo wa chuma unaopigwa na moto, ugawanye kwa eneo la mkato wake. Namba ikiwa kubwa, chuma kinapata joto haraka. Chukua bomba la mraba la milimita 100 kwa 100 lenye ukuta wa milimita 5. Mzingo ni mita 0.4, mkato ni mita za mraba 0.0019, jibu ni 210 kwa mita. Chukua lingine la 200 kwa 200 lenye ukuta wa milimita 16: mita 0.8 kwa 0.0118, jibu ni 68. Nguzo ya kwanza inapokea joto mara tatu zaidi kwa kila kiasi cha chuma ilichonacho, na kinga yake lazima iwe nene zaidi sana. Mtu akikuuzia rangi ya kukinga chuma bila kuuliza vipimo vya chuma, na akakutajia unene mmoja kwa jengo zima, muage kwa heshima.

Plasta ya kunyunyizia, ambayo ni jipsamu au saruji iliyochanganywa na chembe nyepesi, hupigwa kwa pampu kwa unene wa sentimita moja hadi tano kutegemea saa na ile namba. Inafanya kazi vizuri kwa saa 2 na 3, inameza maungio na pembe ngumu, na kwa fremu kubwa za I-A na I-B zilizofichwa juu ya dari hatuoni sababu ya kutumia kingine. Sura yake ni ya uji uliokaukia ukutani, na hilo si tatizo pale isipoonekana.

Tatizo lake ni kushika. Chuma chenye mafuta, vumbi au kutu inayobanduka huiangusha mapema, na chuma kilichopakwa rangi ya kawaida kinahitaji gundi maalumu au wavu. Halafu wanakuja mafundi wa mabomba na viyoyozi, wanakwangua sentimita ishirini hapa na kumi pale ili wafunge vishikio vyao, na hakuna anayerudi kuziba. Mpangilio sahihi ni vishikio vyote kwanza, plasta baadaye, kisha kupima unene kwa pini kwenye sehemu nyingi, na mwisho fundi wa plasta arudi kabla dari haijafungwa. Uchunguzi wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kuhusu minara ya World Trade Center iliyoanguka mwaka 2001 ulikuta kwamba kung'oka kwa kinga ya chuma kutokana na kugongwa na ndege kulikuwa na nafasi kubwa katika kuanguka huko. Hakuna anayepanga jengo lake kwa ajili ya ndege, ila kwa forklifti inayogonga nguzo kila wiki anapaswa kupanga. Kwenye maghala na maegesho, mita 2 za chini za nguzo zifunikwe kwa zege au kwa ganda la bati.

Rangi inayovimba ndiyo inayopendwa na wasanifu, kwa kuwa chuma kinabaki na umbo lake. Kwenye joto la takriban nyuzi 200 hadi 250 huanza kutokota na kuvimba, na tabaka la milimita moja linaweza kufikia hadi mara hamsini ya unene wake, likawa povu la mkaa linalozuia joto. Kwa dakika 30 na 60 ni chaguo zuri. Kwa dakika 90 inawezekana kwenye vyuma vizito. Kwa dakika 120 kwenye vyuma vyembamba unapaka tabaka juu ya tabaka, siku zinakwenda, na kila tabaka linangoja la chini likauke. Hapo tungerudi kwenye bodi bila kusita.

Kinachokaguliwa ni unene mkavu. Kama rangi ina asilimia 70 ya yabisi kwa ujazo, milimita 1 kavu inadai milimita 1.43 mbichi, na fundi apime kwa kichana cha rangi mbichi wakati anapaka, maana ikishakauka pungufu ni kazi mpya. Ikipakwa nene kwa mkupuo mmoja, inaburuzika na kupasuka. Praima ya chini iwe kwenye orodha ya mtengenezaji. Rangi yenyewe ina chumvi za fosfeti zinazoharibiwa na unyevu, ndiyo maana koti la juu halipakwi kwa uzuri peke yake. Jengo lisipoezekwa haraka, mvua inaosha kinga. Na miaka ikipita, watu hupaka rangi za kawaida juu yake mara tatu, mara nne, mpaka ganda linakuwa gumu kiasi cha kuizuia isivimbe. Ndani ya sanduku la mapambo nako iachiwe nafasi: milimita 1 inayotaka kuwa milimita 50 haiwezi kufanya hivyo nyuma ya ubao ulioigusa.

Jengo la Windsor mjini Madrid, lililowaka tarehe 12 Februari 2005, ni mfano mzuri kwa anayebishana juu ya kukinga chuma. Kiini na nguzo za zege zilibaki zimesimama. Nguzo za chuma za pembeni katika ghorofa za juu, ambazo zilikuwa bado hazijafungwa kinga katika ukarabati uliokuwa ukiendelea, zilianguka na sakafu zake. Jengo moja, moto mmoja.

Zege na mbao nene

Zege tutaipita haraka, kwa kuwa sifa zake zinajulikana. Kwa slabu ya kawaida, kanuni za Ulaya zinataka unene wa milimita 80 na katikati ya nondo iwe milimita 20 kutoka usoni kwa dakika 60. Kwa dakika 120 ni milimita 120 na 40. Wengi hukumbuka unene na kusahau namba ya pili. Vile vitofali vidogo vya kuinua nondo, ambavyo baadhi ya mafundi huviita biskuti, vikikosekana, nondo zinalalia mbao za fomu na slabu ya sentimita 15 inakuwa na kinga ya milimita chache. Ubaya mwingine ni kumeguka: zege yenye unyevu mwingi, au ile ngumu sana isiyo na vitundu, hulipuka usoni mvuke unapokosa njia. Kwa zege ya nguvu kubwa, kilo 2 za nyuzi za polipropilini kwa kila mita ya ujazo husaidia. Nyuzi huyeyuka na kuuachia mvuke vijia. Fremu bora ya zege haisemi lolote kuhusu kilichobandikwa nje. Grenfell Tower ya London, ambako watu 72 walifariki baada ya moto wa tarehe 14 Juni 2017, ilikuwa ya zege. Moto ulipanda kwa ganda la nje lenye kiini cha polithini.

Mbao hupigiwa hesabu. Mbao laini huliwa na moto kwa takriban milimita 0.7 kwa dakika ikiwa ni boriti ya tabaka za kugundishwa, na 0.8 ikiwa ni ya mti mzima, na unaongeza milimita 7 za sehemu iliyopashwa ikapoteza nguvu. Boriti ya kugundishwa ya milimita 200 kwa 300, ikipigwa na moto pande tatu kwa dakika 60, inapoteza 49 kila upande: inabaki 102 kwa 251, na mhandisi anaweza kuipigia hesabu hiyo tangu mwanzo. Kenchi ya 50 kwa 150 baada ya dakika 30 imepoteza 31 kila upande, yaani haipo. Hata kabla ya hapo, sahani za chuma zenye meno zinazounga kenchi zinakuwa zimeachia, kwani meno yake ni mafupi na mbao iliyoyashika imekuwa mkaa. Ndiyo tofauti nzima kati ya aina ya IV na V-B, ingawa zote ni "nyumba ya mbao".

Matundu na milango

Bomba la plastiki la milimita 110 likipita kwenye ukuta wa saa 2, linayeyuka mapema na kuacha dirisha la duara. Dawa yake ni kola, yaani pete inayozunguka bomba, yenye kitu kinachovimba na kulibana bomba linapolainika. Ukutani zinawekwa mbili, moja kila uso, kwa sababu hujui moto utatoka upande gani. Sakafuni inatosha moja upande wa chini. Kola ifungwe kwa nanga za chuma. Za plastiki zinayeyuka na kola inaanguka na kazi yake.

Kwa bomba la chuma na nyaya, pamba ya mawe iliyoshindiliwa pamoja na tabaka la dawa ya kuziba juu yake, kwa unene ulioandikwa kwenye cheti, hufanya kazi vizuri. Pamba ya kioo si mbadala, kwani huyeyuka mapema zaidi kuliko ya mawe. Povu la polyurethane la kopo ndilo tunalolipa alama ya chini kuliko vyote: ni rahisi, linajaza haraka, na lile la kawaida linawaka. Hata lile linaloandikwa la moto limepimwa kwenye mianya myembamba iliyonyooka, kwa hiyo kulijaza kwenye tundu la mabomba matano ni kulitumia nje ya kipimo chake. Dai lebo ubavuni mwa kila tundu: tarehe, namba ya mchanganuo, na aliyeziba.

Mlango wa moto nao ni seti ya fremu, ubao, bawaba, kitasa, kioo na kifaa cha kujifunga. IBC inaruhusu mlango wa dakika 90 kwenye ukuta wa saa 2, kwa kuwa hakuna shehena inayopangwa mlangoni. NFPA 80 inataka mwanya wa pembeni na juu usizidi takriban milimita 3, na wa chini usizidi 19. Pima kwa vipande vya kadi vilivyopangwa, sehemu tatu kila upande, kwa sababu mlango uliolegea bawaba ya juu huonekana sawa chini na kupanuka juu. Ufungue nusu na uuachie: ukisita kabla ya kitasa kuuma, haujapita. Kipande cha mbao kilichowekwa kuuzuia usijifunge kinafuta cheti chote, na kufuli hufanya ubaya mwingine. Katika moto wa kiwanda cha Triangle jijini New York, tarehe 25 Machi 1911, walikufa watu 146, na mmoja wa milango ya ngazi ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Jengo lile lilijengwa kuhimili moto. Limesimama hadi leo.